Nywele zinazonyonyoka: sindano za PRP, upandikizaji, au kusubiri tiba za seli shina?

BintiMwambao (Tanga)

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba msaada wa kulinganisha tiba, nami nitaeleza hali mbili kwa sababu zote zimo katika nyumba moja. Mimi nina miaka 41. Kwa miaka mitatu sasa nywele za utosini zimekuwa zikipungua kuanzia katikati kwenda nje, na leo pana duara lenye ukubwa wa kisahani cha kikombe cha kahawa. Ngozi ya hapo ni nyororo na inang'aa mbele ya taa, na ninapooshwa nywele huwa inawasha na kuchoma. Nimesuka tangu utotoni, na kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nikitia dawa ya kulainisha nywele. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Zake zinarudi nyuma pande zote mbili za paji la uso, lakini ukimsogelea unaona kwamba pale palipo wazi bado pana nywele nyembamba kama malaika.

Kliniki moja ya urembo imetupendekezea sote wawili tiba ile ile: sindano tatu za PRP (sehemu ya damu ya mgonjwa mwenyewe, inayochomwa kichwani), kisha sindano ya eksosomu, ambayo wao wanaiita tiba ya seli shina. Gharama yake kwetu ni kubwa. Ningependa kujua tiba hiyo inalinganaje na dawa za kawaida, na upandikizaji wa nywele, na zile habari za vinyweleo vinavyooteshwa maabara tunazozisikia kila mara.

Muuguzi_Moshi

Dada, pole sana. Kabla ya kulinganisha tiba, naomba tulinganishe maradhi, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe wewe na mdogo wako hamna tatizo moja, na kliniki inayowapa ninyi wawili sindano moja haijawatazama vichwa.

Unywele huota ndani ya kinyweleo, kifuko kilichozama kwenye ngozi, na ubavuni mwa kifuko hicho pana kituta kidogo kinachohifadhi seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. Mtafiti wa Marekani George Cotsarelis na wenzake walilionyesha hilo kwa panya mwaka 1990. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima ngozi za wanaume wenye upara wa kurithi na wakakuta kwamba seli shina zimo kwa idadi ile ile kama mahali penye nywele. Kilichopungua ni zile seli zinazozaliwa kutokana nazo, ambazo ndizo hufanya kazi ya kuujenga unywele. Maana yake ni kwamba kinyweleo cha mdogo wako kimesinyaa na kulala, hakijafa. Hayo malaika unayoyaona ndiyo ushahidi wake.

Wewe unaeleza jambo jingine. Upungufu unaoanzia utosini na kutanuka, ngozi inayong'aa isiyo na matundu ya vinyweleo, pamoja na kuwasha na kuchoma, hutufanya tufikirie upara wa makovu unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Humo uvimbe wa ndani huziharibu seli shina zenyewe, na mahali pake huja kovu. Mwaka 2019 ilibainika kwamba baadhi ya wanawake wenye maradhi haya wana mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3, inayosaidia kuunda unywele, kwa hiyo usijilaumu kana kwamba kusuka peke yake ndiko kulikoleta haya. Hata hivyo siwezi kukuhukumia ugonjwa kwa maandishi. Anayeweza ni daktari wa ngozi, tena pengine baada ya kuchukua kipande kidogo cha ngozi, kama punje ya mchele, na kukipeleka maabara. Hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na rufaa hupokelewa.

Kwa upara wa makovu tiba ya kwanza ni kuuzima moto: dawa za kutuliza uvimbe za kupaka au kuchoma kichwani, na mara nyingine vidonge vya doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki. Kila mwezi unaopita bila tiba hiyo, vinyweleo vingine vya pembezoni mwa duara vinakwenda, wala havirudi.

Mzanzibari_Muscat

Nami nizungumze juu ya PRP, kwa kuwa nimechomwa, na upara wangu ni wa kurithi kama wa huyo kijana. Walinitoa damu mkononi, wakaitia kwenye mrija, wakaizungusha katika mashine kwa dakika kadhaa hadi ikajitenga: chini nyekundu, juu maji ya rangi ya majani makavu. Wakafyonza sehemu yenye chembe sahani nyingi (zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha) wakanichoma utosini kwa sindano nyingi ndogo, na niseme kweli, paji la uso liliniuma mpaka machozi yakanitoka. Nilifanya hivyo mara tatu, kila baada ya mwezi mmoja.

Baada ya miezi sita nywele zilizokuwepo zilinenepa kidogo, nami niliridhika. Lakini pale palipokuwa hapana kitu hapakuota kitu, na daktari aliniambia kwamba lazima nirudie kila baada ya miezi kadhaa ili faida isipotee. Tena hakuna kipimo kimoja cha kuitengeneza: kila mahali huzungusha damu kwa namna yake, ndiyo maana matokeo ya tafiti zake yanatofautiana sana.

Kama ningeanza upya, ningeanza na dawa. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988 na finasteridi ya miligramu moja, kwa wanaume, mwaka 1997. Zimechunguzwa kwa miongo mingi kuliko sindano yoyote ya kliniki. Minoksidili hutaka subira ya miezi minne hadi sita, na wiki za mwanzo nywele zinaweza kunyonyoka zaidi, jambo linalowafanya wengi waache mapema. Finasteridi huzuia homoni inayovisinyaza vinyweleo, ila wapo wanaume wanaopungukiwa hamu ya tendo la ndoa, na mwanamke mjamzito asikishike hata kidonge kilichovunjika kwa sababu kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Ukiziacha, faida huondoka ndani ya miezi.

Bio_Kampala

Nitajibu sehemu ya tafiti, kwa kuwa ndiyo inayonigusa zaidi na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi katika matangazo.

Wazo la kupanda mbegu za kinyweleo badala ya kinyweleo kizima si geni. Chini kabisa ya mzizi wa unywele kuna kifundo kiitwacho papila, na seli zake ndizo zinazoiamuru ngozi iote unywele. Colin Jahoda wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alionyesha kwa panya katika miaka ya 1980 kwamba seli hizo zikihamishwa hubeba amri yake. Mwaka 1999 yeye na wenzake wakatangaza kwamba seli zilizotolewa kichwani mwa mwanamume na kupandwa kwenye mkono wa mwanamke ziliotesha nywele pale mkononi. Watu wakadhani tiba imefika.

Kilichokwamisha ni hiki: ili zitoshe kichwa kizima, seli lazima zizalishwe maabara, na zikizalishwa juu ya sahani bapa husahau kazi yake. Mwaka 2013 Jahoda, Claire Higgins na Angela Christiano wa Chuo Kikuu cha Columbia walizikuza ndani ya matone yanayoning'inia juu chini, zikajikusanya kuwa vitufe, na baadhi ya kumbukumbu ikarudi. Kwa wachangiaji watano kati ya saba, vitufe hivyo viliotesha nywele katika ngozi ya binadamu iliyopandikizwa juu ya panya. Nalipenda jaribio hili kwa sababu lilionyesha kwamba tatizo limo katika umbo, si katika seli zenyewe.

Tangu hapo kazi imekwenda kwa njia mbili. Wa kwanza wanajenga kinyweleo kizima. Mwaka 2020 timu ya mtafiti wa Marekani Karl Koehler ilikuza kutoka katika seli shina za binadamu ngozi ndogo yenye vinyweleo, lakini ilichukua miezi minne hadi mitano. Mwaka 2022 watafiti wa Yokohama, Japani, walikuza kwa seli za viinitete vya panya vinyweleo vilivyotoa nywele za milimita 3 kufikia siku ya 23. Hayo yote ni ya maabara. Unywele ulioota kwenye sahani haujui uelekee upande gani, na mtu hataki nywele zilizosimama ovyo kama magugu shambani.

Wa pili wanataka kuviamsha vinyweleo vilivyolala. Mwaka 2017 timu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), iligundua kwamba seli shina za kinyweleo huamka zikizalisha kwa wingi laktati, kemikali inayotokana na sukari ndani ya seli, na kutokana na hilo ikatengenezwa dawa ya kupaka iitwayo PP405. Mwaka 2025 kampuni ya Pelage, inayoitengeneza dawa hiyo, ilitangaza jaribio la watu 78: miongoni mwa wanaume waliopungukiwa zaidi, asilimia 31 ya waliotumia dawa waliongezeka msongamano wa nywele kwa zaidi ya asilimia 20 katika wiki ya nane, na hakuna hata mmoja kati ya waliopakwa dawa bandia. Hizo ni habari njema, lakini ni za kampuni yenyewe, za watu wachache na muda mfupi. Pia angalieni kwamba dawa ya kuamsha humfaa aliye na cha kuamshwa. Inamhusu kijana, si dada yake.

Kwa upara wa makovu ninayo mawili tu ya kutaja. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipaka vidonda vya panya vetepofini, dawa ya macho ya siku nyingi, na vidonda vikapona vikiwa na vinyweleo badala ya kovu. Nacho Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pia cha Marekani, kimechapisha utafiti mdogo wa wanawake 12 wenye upara wa utosini waliopewa metifomini ya dozi ndogo, hiyo hiyo ya kisukari, na baadhi yao nywele zikarudi. Ni wachache mno kujengea kanuni, lakini ndiyo mara ya kwanza naona tafiti zinawaelekea wanawake wetu, na ningetamani ziwe nyingi zaidi.

Mama_Rehema

Na hizo eksosomu? Hapa mtaani zinatangazwa kila kona.

Bio_Kampala

Mama, eksosomu ni vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa ili kupelekeana ujumbe. Si seli shina, na anayekuuzia kwa jina hilo anakupotosha. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa yake hata moja, na mwezi Desemba 2019 ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika vibaya. Mtu akikuonyesha kichupa, mwombe namba ya usajili, kisha uiulize TMDA, mamlaka ya dawa, kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya.

Nduguye_Nairobi

Niongeze la upandikizaji. Msingi wake umejulikana tangu daktari wa Marekani Norman Orentreich alipouandikia mwaka 1959: nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele hubaki na tabia ya kisogoni. Kwa mdogo wako inawezekana, ila asikimbilie akiwa na miaka 29 na upara haujatulia, kwa kuwa kisogo ni akiba isiyoongezeka.

Kwa nywele zetu za kipilipili, mzizi umepinda chini ya ngozi, na fundi asiyezoea huukata akidhani unakwenda wima. Mwulizeni amewafanyia wangapi wenye nywele kama zenu, mwone picha, na kama kuna keloidi (makovu yanayovimba na kukua) katika ukoo mseme mapema. Dada, kwako wewe hakuna daktari makini atakayepandikiza kabla uvimbe haujatulia kwa angalau mwaka mmoja, kwa maana vinyweleo vipya vitaliwa kama vya zamani.

BintiMwambao (Tanga)

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno na mdogo wangu akiwa pembeni yangu. Kliniki tumeiahirisha. Yeye ataanza minoksidili, na habari ya finasteridi atazungumza na daktari kwanza. Mimi leo asubuhi nimefumua twende kilioni zangu, na msusi ameniwekea kioo nyuma nikajipiga picha ya utosi karibu na rula: sentimita saba kwa sita. Pembeni mwa duara, upande wa kulia, zipo nywele kama ishirini hivi zilizosimama peke yake, na kila moja ina weupe kidogo kwenye shina. Muuguzi, nimepata rufaa ya kuja Moshi wiki ijayo. Je, wanapochukua kile kipande cha ngozi, huchukua katikati palipokwisha, au hapa pembeni penye hizo ishirini?

Muuguzi_Moshi

Pembeni, dada, penye nywele hizo. Katikati kovu tu ndilo litakaloonekana. Pembeni ndipo ugonjwa unapofanya kazi. Usizing'oe wala usizisuke, na usipake mafuta siku ya kuja.