Tumelipa kujifunza kupamba keki Mbeya, tumeishia kumshikia mwalimu simu

Wakuu, habari za usiku. Nilikuwa nimeamua kumeza na kunyamaza, ila leo nimekutana na tangazo lilelile limerushwa upya, na picha zilezile za keki za ghorofa tatu, safari hii chini limeandikwa "Iringa na Njombe jiandaeni". Nikasema hapana. Watu wa huko wasiliwe kama tulivyoliwa sisi.

Darasa lilifanyika hapa Mbeya mjini, wiki moja, ada laki na nusu. Tangazo lilisema ni la wasiojua kabisa, vitendo asilimia mia, vifaa vyote juu yao, na cheti juu. Mimi ni muuza maandazi, laki na nusu siyo hela ya kuokota barabarani. Nilitaka mambo mawili tu: nijue kupaka krimu pembeni ya keki ikanyooka, na nijue kupiga maua, ili msimu wa kipaimara nisiendelee kuwaelekeza majirani kwa watu wengine.

Tumefika, tumejaa chumba kizima. Keki moja, mikisa moja, meza ya kuzungushia moja, vyote vya mwalimu. Siku za mwanzo yeye anapaka, yeye anapiga maua, sisi tumesimama nusu duara tunachungulia mabegani mwa wenzetu. Halafu kuna zamu. Msidhani zamu ya kushika mfuko wa krimu, ni zamu ya kushika simu yake na kumrekodi ili aweke kwenye ukurasa wake! Tumelipa ada tukawa wapiga video wa bure. Zamu yangu ilipofika nikafokewa kwamba simu inatikisika. Baridi ya Julai hii, Mbeya, asubuhi, mlango uko wazi, mkono usitikisike?

Mfuko wenyewe nimekuja kuushika wiki inaelekea kuisha. Waridi moja. Nozo, ile ncha ya mfuko inapotokea krimu, ni ile ya nyota kubwa, 1M, ambayo kila mpambaji anaijua: unaanzia katikati, unazungusha kwenda nje, na kabla hujainua mkono unaacha kukamua. Hilo la kuacha kukamua hakuna aliyeniambia, kwa hiyo ua langu likabaki na mkia. Nikaomba kurudia. Jibu: "Dada, krimu ni ghali, wapishe wenzako."

Hapa ndipo ninapochemka, wakuu. Krimu ya kujifunzia siyo krimu ya mteja! Unapiga majarini na sukari ya unga, unapiga maua yako juu ya sinia safi, unayakwangua kwa kisu, unarudisha mfukoni, unapiga tena na tena mpaka mkono uelewe. Krimu ileile. Keki haihitajiki. Na hata hiyo majarini ukiibania, sisi tuko Mbeya, viazi mviringo vinaondoka hapa kwa malori. Kiazi kikichemshwa kikapondwa laini, pasiwe na bonge, kinapita kwenye nozo na waridi linasimama vizuri tu. Kupaka pembeni unajifunzia kwenye sufuria iliyopinduliwa. Ndoo moja ya viazi kutoka Uyole ingetutosha darasa zima. Sasa ghali ni nini hapo?

Halafu vipimo vyake vyote ni vya Dar. Siagi nusu kilo, sukari ya unga kilo, hapo sawa. Lakini akaanza kuongeza sukari nyingine juu yake "ili isiyeyuke kwa joto". Joto la wapi mama? Siagi yenyewe ilikuwa ukiigonga mezani inalia. Krimu ikawa ngumu, inakatika mfukoni, maua yanatoka na kingo zilizochanika. Kuna mama mmoja mtu mzima akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, tusiliweke bakuli juu ya maji ya moto kidogo, ilainike?" Akajibiwa asifundishe kwenye darasa la mtu. Na yule mama ndiye alikuwa sahihi! Siagi hupigika vizuri ikiwa kwenye nyuzijoto 18 hadi 21 hivi. Ikiwa ya baridi unapasha bakuli kidogo, huongezi sukari. Ndaga fijo, yaani asante sana mwalimu, tumejifunza kunyamaza.

Siku ya mwisho tuliambiwa kila mtu aje na keki yake kutoka nyumbani. Nyingi zilikuwa zimedidimia katikati, kwa sababu tulifuata kipimo chake alichotuma kwenye grupu. Akasema tumefungua oveni mapema. Wote? Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 94, na gesi ya beking pauda inatanuka zaidi kuliko kule pwani. Keki inaumuka haraka kabla haijajishika, halafu inakaa chini. Unapunguza beking pauda kidogo, unaongeza maziwa kidogo, basi. Iringa ni hivyohivyo, na Njombe ndiyo iko juu zaidi. Mtu anazunguka nyanda za juu kusini kukusanya ada na hilo halijui? Au analijua ila analiuza? Maana fondanti, ile sukari inayokandwa kama unga na kufunika keki, ambayo ndiyo imejaa kwenye picha za tangazo, tuliambiwa ni ya "darasa la pili", laki mbili na nusu.

Cheti kipo. Tulichangishwa elfu kumi kila mmoja ya kukichapisha, jina langu limekosewa, na hakina namba ya usajili wa VETA wala NACTVET, wanaosimamia mafunzo ya ufundi.

Na wale mnaokuja kuniambia "si ungeangalia tu YouTube": kuangalia nilishaangalia bure. Nililipa ili nishike.

Sitaji jina lake. Lakini anasoma humu, na waliouliza kuhusu hela zao kashaanza kuwatoa kwenye grupu. Ninachotaka ni nusu ya ada yangu na ile elfu kumi ya karatasi, meseji za muamala ninazo.

Wa Iringa na Njombe, kabla hujatuma hela muulize kila mwanafunzi anapata mfuko na nozo zake au mnapokezana, na akupe jibu kwa maandishi. Na kama kuna mtu anamjua mwalimu hapa Mbeya anayewaachia watu mfuko washike wenyewe, aweke hapa anatoza shilingi ngapi. Kipaimara hakinisubiri.