Vifaranga wa rangi kama zawadi ya Pasaka kwa watoto: ninunue au niache?

MamaMdogo

Wakuu, habari za muda huu. Pasaka inabisha hodi, na wale jamaa wa vifaranga vya pinki, kijani na bluu wameshaanza kupita mitaani na maboksi yao. Watoto wa dada yangu, mmoja miaka 4 na mwingine 7, wamevililia. Nawaza kumnunulia kila mmoja kimoja. Wanakaa ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga, Dar es Salaam, kuna roshani ndogo. Naomba kujua: ile rangi ina madhara? Makombo ya wali yanawatosha? Ni kweli vinakufa ndani ya wiki hata vikitunzwa? Na vikipona, tutapata mayai?

Totoleshi

Karibu mama mdogo. Naanza na mayai maana jibu lake ni fupi: sahau.

Kuku wa mayai wa kahawia hutambulika jinsia siku hiyohiyo anapoanguliwa, kwa rangi tu. Jike anatoka na manyoya ya kahawia, dume anatoka wa njano iliyofifia. Mashine ya kutotoleshea ikifunguliwa, majike wanahesabiwa wanaingia kwenye maboksi ya wafugaji. Madume hawana mwenyewe: hawatagi, na nyama hawaweki. Dume wa namna hiyo anahitaji miezi minne hivi kufika kilo moja na nusu, wakati kuku wa nyama anapita kilo mbili kwa wiki sita. Ndiyo maana wanauzwa bei ya kutupa, na ndio hao wanaotiwa rangi, kwa sababu rangi haishiki kwenye manyoya ya kahawia. Kwa hiyo ukiona wa pinki, chukulia kwamba ni jogoo. Akifikisha miezi mitatu hivi ataanza kuwika, tena saa kumi alfajiri, na mpangaji wa ghorofa ya tatu hatakuelewa.

Mara chache anachanganywa humo kifaranga wa kuku wa nyama. Mtazame miguu: minene, imeachana, kifua kipana. Siku ya kwanza ana gramu 40 kama wenzake, siku ya saba yuko 170 au zaidi wakati mwenzake hajafika 80. Huyo hafai kufugwa kama rafiki wa mtoto. Mwili unakua kuliko miguu, ikifika wiki ya saba anashinda amelala.

Rangi sasa. Wapo wanaoidunga ndani ya yai kwenye siku ya 18 au 19 kati ya zile 21, lakini kuchovya au kupuliza baada ya kuanguliwa ndiyo njia rahisi. Ikiwa ni rangi ya chakula kweli, yenyewe haina shida kubwa (ikiwa ni wino au rangi ya nguo, hakuna anayejua kilichomo). Kinachoua zaidi ni kulowa. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kuhifadhi joto, ukimlowesha unamnyang'anya na hicho kidogo alicho nacho. Na rangi haidumu: manyoya ya kweli yanaanza kusukuma kwenye mabawa wiki ya kwanza, kufika wiki ya nne pinki imebaki viraka.

Bruda40

Nijibu hilo la kufa, maana hapo ndipo watu wanapolaumu uchawi.

Kifaranga anaanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, na kiini hicho kinamwendesha kwa saa 72 hivi bila kula wala kunywa. Ndiyo sababu anaweza kusafiri ndani ya boksi kutoka mkoa hadi mkoa akafika mzima. Wa barabarani anauzwa akiwa ndani ya saa hizo. Anapiga kelele, anakimbia, unamwona mchangamfu. Unafika naye nyumbani akiba inaisha. Kama hakufundishwa kunywa, siku ya tatu au ya nne anasinzia mbawa zikiwa zimelegea, asubuhi mtoto anamkuta amekauka.

Kwa anayeamua kulea, mpangilio ni huu. Wasiwe wawili. Kifaranga mmoja hulia mpaka achoke, na wawili mmoja akifa umerudi palepale. Chukua watano au sita. Tafuta boksi la sentimita 60 kwa 80, kuta ziwe na urefu wa 45. Chini weka maranda ya mbao kina cha sentimita 5. Usitumie unga wa msumeno, wanaula. Usitandike gazeti tupu wala nailoni: panateleza, miguu inafunguka kwenda pembeni, na baada ya siku chache hairudi.

Joto liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, upunguze nyuzi 3 kila wiki. Pima kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga, sio ukutani. Balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka ndani, inatosha kwa sita, ianze sentimita 40 juu ya maranda, kisha uipandishe. Narudia, balbu ya zamani: hizi za LED zinaangaza tu, hazina joto, na wengi wamepoteza vifaranga chini ya taa inayowaka vizuri kabisa. Kwa saa 24 inakula uniti 1.4 za LUKU, karibu uniti 30 kwa wiki tatu. Ukiwa Dar mchana wa Aprili unaweza kuizima, usiku usithubutu, hasa mvua za masika zikiwa zinapiga. Wa Mbeya au Njombe hana hata hiyo nafasi ya mchana.

Kipimajoto kikikosekana, wasome wenyewe. Wakibanana chini ya balbu na kulia kwa sauti kali, ni baridi. Wakikimbilia kwenye kuta midomo wazi, ni joto. Wakijazana upande mmoja wote, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala kifudifudi, usiguse kitu.

Umeme ukikatika: chupa ya lita 1.5 ya maji ya moto (yasiyochemka, itajikunja), izungushie kitambaa, laza katikati yao, badilisha kila baada ya saa mbili. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha ghorofa, hapana. Ile hewa yake isiyoonekana wala kunusika inaua vifaranga, na waliolala chumba cha pili pia.

Maji yatangulie chakula. Shika kila mmoja, mchovye ncha ya mdomo mara moja, tundu za pua zibaki nje. Chombo kiwe kifupi na utie kokoto safi, wakianguka kwenye bakuli wanazama au wanalowa, matokeo ni yaleyale. Baada ya saa moja hadi mbili mwaga chakula cha kuanzia cha vifaranga juu ya trei. Sita wanamaliza kama nusu kilo wiki ya kwanza, ila kufika wiki ya nane kila mmoja atakuwa amekula kilo mbili hivi. Makombo ya wali ni wanga. Wanahitaji protini asilimia 18 hadi 20, wakikosa wanadumaa na kuanza kudonoana manyoya.

BwanaMifugo

Mkuu hapo juu amemaliza la joto. Mimi naongeza mawili.

Kifaranga mzima kabisa wa kutazama anaweza kuwa na bakteria wa salmonela tumboni, wakatoka na kinyesi, wakashika kwenye manyoya na miguu. Mtu mzima mara nyingi ataharisha siku chache, mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kulazwa. Kwa hiyo huyo wa miaka 4 aangalie, asishike. Wa miaka 7 ashike akiwa ameketi sakafuni, viganja viwili kama anakinga maji. Asimbusu, asimweke shavuni, kisha sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Vyombo vya vifaranga visioshwe kwenye sinki la jikoni.

La pili ni chanjo. Kinga aliyoipata kwa mama kupitia yai inaisha polepole ndani ya wiki mbili tatu. Ratiba ya kawaida ni mdondo (kideri) siku ya 7, gumboro (ugonjwa unaovunja kinga ya mwili) ya 14, mdondo tena ya 21, gumboro tena ya 28, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Tatizo ni kwamba kichupa cha dawa kinatosha kuku mia na kuendelea, na ukishaichanganya inabidi itumike ndani ya saa mbili hivi. Mwenye kuku wawili hanunui, ndipo wiki ya nne anaona kinyesi cha kijani na shingo imejipinda, na mdondo hauna tiba. Mkiwa majirani watatu wenye kuku, unganeni mchanje siku moja. Chanjo ya kunyweshwa kwenye maji isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, inakufa.

Msafiri_Louisville

Huku Kentucky, Marekani, sheria ya jimbo imekata mzizi: kuuza kifaranga aliyepakwa rangi ni marufuku, na wa chini ya miezi miwili hauzwi pungufu ya sita kwa mteja mmoja. Lengo ni hilohilo, asiyejiandaa asibebe mmoja mfukoni kwa ajili ya sikukuu.

KukuTisa

Jamani mmemtisha mama wa watu kama anataka kufuga simba. Kuku ni mnyama mzuri kwa mtoto, kosa ni umri na mahali. Nunua wa mwezi mmoja, chotara kama Sasso au Kuroiler, mitetea mitatu. Hao wameshapita kipindi cha balbu, wamekula chanjo za mwanzo, na mtoto anaanza na kuku anayemfuata kwa punje. Ila ghorofani hapana. Wapelekwe penye uwanja, kwa bibi au kwa mjomba, na banda liwe na wavu wa matundu madogo juu na pembeni. Kunguru wa Dar anamchukua kifaranga mchana kweupe mbele yako, na panya anamaliza kazi usiku.

MamaMdogo

Asanteni sana. Roshani nimeifuta kichwani. Bibi yao yuko Kibaha na uwanja upo. Hao wa mwezi mmoja nitajuaje kuwa ni mitetea, na kuwa wamechanjwa kweli?

Totoleshi

Wasimamishe pamoja. Mwenye kilemba kichwani kilichoanza kuwa chekundu na kunyanyuka, miguu minene kuliko wenzake, huyo anaelekea kuwa jogoo. Mwenye kilemba kidogo cha njano iliyopauka ndiye wako. Kwa mwezi mmoja hakuna uhakika wa mia kwa mia, kubaliana na muuzaji kubadilisha. Kuhusu chanjo, muulize tarehe ya kuanguliwa na tarehe ya kila chanjo. Mfugaji wa kweli ana daftari, wa kubahatisha anakujibu "wote wamechanjwa dada". Na omba kilo mbili za chakula alichowazoesha, mbadilishe taratibu kwa siku nne.

Hao watoto kama wanataka rangi siku yenyewe, chemsha mayai dakika 12 pamoja na manjano kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha maji na siki vijiko viwili. Chagua mayai meupe ya kienyeji. Yale ya kahawia hayaonyeshi rangi vizuri, kama vifaranga wa kahawia.