Wapiga roketi wa Kerbal Space Program: kanuni gani ya anga ilikuingia baada ya kuirusha mwenyewe? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Salaam wakuu.

Wachezaji wa gemu la Kerbal Space Program wakikutana, maongezi huishia kwenye picha za roketi ndefu na milipuko. Milipuko tumeshaiona. Uzi huu nauelekeza kwingine: kila mtu aje na ile kanuni moja ya anga aliyokuwa akiisikia bila kuiamini, ikaja kumwingia alipojenga chombo chake na kukirusha. Ukiweza weka namba, maana kwenye jambo hili hadithi bila namba haimsaidii mtu.

Kwa wapitaji: gemu lilitoka hadharani Juni 2011, toleo la 1.0 likafuata Aprili 2015. Unapewa banda la kuundia, lundo la vipande (matangi, injini, kapsuli, parashuti) na watu wadogo wa kijani wasiojua woga, waitwao Kerbal. Sayari yao, Kerbin, ina nusu kipenyo cha kilomita 600 tu, lakini uvutano juu ya uso wake ni sawa na wa Dunia yetu. Hewa yake inakoma kilomita 70. Yanayobaki ni yako wewe na fizikia.

Nafungua mimi. Kilichonikaa ni kwamba kwenda angani si kwenda juu. Roketi yangu ya kwanza kutoka nje ya hewa ilipanda wima, anga ikawa nyeusi, nikapiga picha, halafu ikaanguka ilikotoka. Kuongeza tangi kulinipa kimo zaidi, na anguko refu zaidi.

Ukipiga hesabu unaona kwa nini. Tuache ukinzani wa hewa: kutupa kitu wima kikafika kilomita 80 kunataka kasi ya mita 1,180 hivi kwa sekunde. Kubaki hapohapo kilomita 80 bila kuanguka kunataka takriban mita 2,280 kwa sekunde, tena za kwenda pembeni. Kimo ndicho sehemu rahisi. Kwa hiyo roketi inaanza kulazwa mapema, kidogokidogo, kuelekea mashariki, kwa sababu Kerbin yenyewe inazunguka upande huo na inakupa mita 175 kwa sekunde za bure. Nikimwona mtu anasubiri kilomita 50 ndipo alaze roketi, najua mafuta yake yataishia wapi.

Haya, karibuni.

Kapsuli_Moja

Mimi ni kukutanisha vyombo viwili. Nilichukua kandarasi ya kumwokoa Kerbal aliyekwama kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari. Nikafika obiti ileile, yuko mbele yangu kilomita chache, namwona kwenye kioo. Akili ya barabarani inasema: yuko mbele, kanyaga mafuta. Nikakanyaga. Mwanzo anasogea, nikafurahi, halafu taratibu akapita chini yangu na kuniacha.

Nilikaa na ramani ya obiti mpaka ikaniingia. Ukisukuma mbele, upande wa pili wa obiti yako unainuka. Obiti imekuwa kubwa, na obiti kubwa inachukua muda mrefu kuimaliza. Umeongeza mwendo ili uchelewe! Ukitaka kumkamata aliye mbele, unasukuma kinyume, unashuka, unapita njia ya ndani iliyo fupi na ya haraka, na hesabu ikikubali mnakutana pale unapopandia tena kimo chake. Kisha unaua tofauti ya kasi kati yenu, ndipo unasogea polepole.

Baadaye nikasoma kwamba Juni 1965 James McDivitt, akiwa kwenye chombo cha NASA cha Gemini 4, alijaribu kuikaribia hatua ya roketi yao ya Titan iliyokwisha kazi kwa kuilenga na kusukuma. Haikukubali, wakaacha ili kuokoa mafuta. Desemba mwaka huohuo Gemini 6A na Gemini 7 zikakutana, safari hii hesabu zikiwa zimetangulia. Sasa kama rubani wa majaribio ya ndege ilimsumbua, mimi na kipanya changu ni nani?

Kerbal wangu nilimpata. Alivuka mwenyewe kwa mkoba wa kurukia ulio mgongoni, akaingia kapsuli, akatabasamu vilevile.

mapezi_nyuma

Fupi. Roketi kupinduka kichwa chini ikiwa bado ndani ya hewa. Watu wanalaumu injini. Kanuni ni ya mshale: uzito mbele, mapezi nyuma. Ukiweka mapezi karibu na pua kwa sababu yanapendeza, hewa itakugeuza. Na kumbuka matangi ya mbele yanapoisha mafuta, pua inakuwa nyepesi, hivyo roketi iliyotulia mwanzoni inaweza kuanza kutapatapa kilomita kumi juu. Washa vipimo vya kitovu cha uzito na kitovu cha hewa pale bandani uone vimekaaje kabla hujarusha.

Hesabu Kwanza

Mwanzisha uzi umegusa mafuta, naomba niendelee hapo, maana ndipo wengi tunapopotelea.

Tsiolkovsky, yule mwanasayansi Mrusi, alichapisha mlinganyo wake wa roketi mwaka 1903 na gemu zima linaishi ndani yake. Uwezo wa chombo kubadili kasi, ule tunaouita delta-v, unategemea ubora wa injini na *uwiano* wa uzito kabla na baada ya kuchoma mafuta. Chukua ile injini ndogo ya Terrier. Kwenye ombwe, kila mara uzito wa mwanzo ukiwa mara 2.7 ya uzito wa mwisho unapata mita 3,380 hivi kwa sekunde. Unataka mara mbili ya hapo? Uwiano hauwi mara mbili. Unapanda mpaka takriban 7.4. Mara tatu? Unapita 20, na hapo bado hujahesabu uzito wa matangi yenyewe.

Nilikuwa na chombo cha kutua Mun (mwezi wa Kerbin ulio karibu) chenye kila kitu: taa, ngazi, betri za akiba, vifaa vya sayansi pande zote mbili ili kisipendelee upande. Chini yake roketi ilikua kila jioni. Naongeza tangi, tangi linataka injini kubwa, injini kubwa inataka tangi, vyote vinataka nyaya za kukazia visiyumbe. Siku nilipokaa na kupunguza juu badala ya kuongeza chini, roketi nzima ilinywea ikabaki karibu nusu. Kilo moja unayoitoa kileleni inaondoka na kilo nyingi za chini zilizokuwa zinaibeba.

Halafu kuna hili la injini zenyewe. Terrier iliyo bora hivyo juu, ukiiwasha ardhini haikusaidii kitu: ubora wake, unaopimwa kwa sekunde, unashuka kutoka 345 hadi 85, maana hewa nzito inaibana. Injini za chini na injini za juu ni kazi mbili tofauti. Mtu anayechagua injini kwa kuangalia msukumo pekee atateseka sana.

Mtaa wa Minmus

Naomba nipingane na kila anayewaambia wageni waanze na Mun. Anzeni na Minmus, ule mwezi mdogo wa mbali!

Najua mnachosema: Mun iko kilomita 12,000 kutoka katikati ya Kerbin, Minmus kilomita 47,000, tena obiti yake imeinama nyuzi 6. Lakini angani umbali hauuzwi, kinachouzwa ni mabadiliko ya kasi. Kutoka obiti ya chini ya Kerbin hadi uso wa Mun, kwa mita kwa sekunde: 860 kuondoka, 310 kuingia obiti, 580 kutua, jumla 1,750 kwa vipimo vya kawaida. Minmus: 930, 160, 180. Jumla 1,270. Iko mbali karibu mara nne na bado ni nafuu.

Na kutua kwenyewe! Mun inakuvuta kwa mita 1.63 kwa sekunde kila sekunde, ina mashimo na miteremko, ukichelewa kuwasha injini umekwisha. Minmus inakuvuta chini ya theluthi ya hapo, na ina zile tambarare kubwa zilizolala sawasawa. Unashuka huku unawaza mambo mengine.

Kapsuli_Moja

Mtaa wa Minmus, hesabu yako sahihi, lakini mgeni atakwama kwenye zile nyuzi 6. Kurekebisha mwinamo wa obiti ni somo lingine kabisa. Mun unangoja ichomoze kwenye upeo wa macho, unasukuma mbele, imeisha.

Mtaa wa Minmus

Nusu saa ya kujifunza nodi ya kupandia na ya kushukia, yaani zile nukta mbili ambako obiti zilizoinamiana zinakatana. Mashimo ya Mun yanamla muda zaidi ya huo.

betri_imeisha

Yangu haina mahesabu. Chombo kisicho na rubani kikikosa umeme ni maiti. Hakigeuki, hakifungui paneli za sola, hakisikii amri. Na paneli zilizokunjwa hazizalishi kitu, kwa hiyo umeme wa kuzifungulia haupo tena. Kipo mpaka leo kinalizunguka jua. Tangu hapo kila chombo changu kina kipaneli kimoja cha kubandika ambacho hakihitaji kufunguliwa.

Eve Hairudishi

Wengi wanaitazama sayari ya Eve wanaona zambarau nzuri na hewa nene: parashuti zinafanya kazi, kushuka ni raha (ukiwa na ngao ya joto, lakini). Nilitua vizuri sana. Kisha nikafungua ramani ya delta-v kutazama njia ya kutoka.

Uvutano mara 1.7 ya Kerbin. Shinikizo la hewa kwenye usawa wa bahari mara tano. Hewa inafika kilomita 90. Kutoka usawa wa bahari hadi obiti unatafuta kama mita 8,000 kwa sekunde, wakati Kerbin ni 3,400. Rudini kwenye hesabu za uwiano za Hesabu Kwanza muone 8,000 inamaanisha nini, kisha kumbukeni roketi hiyo yote inabidi kwanza *ishushwe* ikiwa nzima.

Ushauri pekee nilionao: tua juu ya mlima. Kila kilomita ya hewa usiyoipasua ni faida. Kituo changu cha utafiti wa kudumu pale hakikupangwa kiwe cha kudumu.

Hesabu Kwanza

😂 Pole mkuu.

Niongeze la kuwaangalisha wanaodhani gemu limewapa anga lote. Chombo chako kinavutwa na kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukitoka eneo la Mun unaingia la Kerbin, mpaka ni mstari. Kwa hiyo zile nukta za Lagrange, ambako mvuto wa jua na wa sayari unashikana ukakaa hapo kwa mafuta kidogo, hazipo. Darubini ya James Webb iko kwenye nukta ya namna hiyo, kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, na huwezi kuiiga kwenye gemu la kawaida. Kuna modi (nyongeza inayotengenezwa na wachezaji) iitwayo Principia inayohesabu mvuto wa vyote kwa pamoja. Ukiiweka, obiti ulizozizoea zinaanza kuhama zenyewe.

mgeni_wa_anga

Wakuu nimesoma yote. Nimeshatua Mun na kurudi, Minmus bado. Nataka kuruka moja kwa moja sayari ya Duna. Je, roketi ya Mun inatosha, na naondoka lini?

Kapsuli_Moja

Utashangaa: kuondoka obiti ya chini ya Kerbin kuifuata Duna ni kama mita 1,100 kwa sekunde, na Mun ulikuwa unalipa 860. Tofauti ni ndogo. Cha gharama ni subira. Ondoka Duna ikiwa mbele ya Kerbin kwa nyuzi 44 hivi, pembe ikipimwa kwenye jua ukitazama ramani kutoka juu. Ukiikosa nafasi hiyo, inayofuata ni baada ya zaidi kidogo ya miaka miwili ya Kerbin, kwa hiyo tumia kitufe cha kuharakisha muda.

Eve Hairudishi

Na usiamini parashuti peke yake huko. Hewa ya Duna ni nyembamba. Acha mafuta ya kuwasha injini mita za mwisho kabla ya kugusa chini, na mengine ya kurudi. Yapime kabla hujaondoka.