Chandarua cha bure au kufukua kanivo?

Mwana wa Bel-Air: Wandugu wa Lubumbashi, mvua zimeanza na watoto wanaanguka palu, malaria, mmoja mmoja. Serikali iendelee kutugawia vyandarua vya bure, ama pesa hiyo ifukue kanivo, mitaro ya njiani? Mimi nasema kanivo. Vyandarua mwisho wake tunauona: kule Katuba vinazungushiwa lenga-lenga, mchicha wa bustanini.

Mama Lenga-lenga: Na huko Bel-Air mnavilalia? Mimi wa Katuba. Hicho ulichokiona bustanini kwangu kina miaka minne, kina matundu ya kupitisha ngumi. Mbu anapita humo na mtoto mgongoni. Kuku hapiti. Nikitupe?

Nesi wa Usiku: Mbu wa palu, anofelesi, hana haja sana na uchafu wa kanivo. Anataga kwenye mayi yaliyotulia juani: dimbwi la njiani, shimo la matofali. Wale wa kanivo wanaotupigia kelele wengi ni kuleksi. Fukueni, mtalala kimya, palu itabaki.

Papa Kamalondo: Mama wa Katuba, usibabaike. Mchezo wa kusema mbu ni wa watu fulani tunaujua. Enzi mji wetu ukiitwa Élisabethville, Wabelgiji waliacha uwanja mtupu kati ya mji wa Wazungu na sisi huku. Waliuita zone neutre, eti mbu aliyeuma Mweusi asifike kwao kwa kuruka. Leo Bel-Air nao wanachora ya kwao.

Mwana wa Bel-Air: Papa, shikamoo, sikusema hivyo. Mimi mwenyewe nimezaliwa komini ya Kenya, hapa hapa mjini.

Papa Kamalondo: Kenya, avenyi gani, mtaa upi?

Kijana wa Ruashi: Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, ninyi mnatafutana avenyi! Mwaka 1955 OMS, shirika la afya duniani, ilitangaza kuitokomeza dunia nzima, sehemu kubwa ya Afrika yetu ikarukwa, 1969 wakakunja mkeka. Dawa ya klorokini nayo vijidudu vya malaria viliizoea, tukaiacha 2001. Sasa mbu wengi wamezoea dawa ya vyandarua. Iliyobaki ni chanjo. Mkoa wa Kongo Central wameanza 2024.

Nesi wa Usiku: Chanjo ni dozi nne, mdogo wangu, na ya nne inakuja miezi mingi baada ya ya tatu. Nakaa na hizo karatasi za chanjo. Mama analeta mtoto mara ya kwanza amevaa kitenge kipya. Ya tatu anatuma dada. Ya nne namsubiri mpaka leo. Na aliyechanjwa bado alale ndani ya chandarua.

Mwana wa Bel-Air: Kwa hiyo kanivo basi?

Mama Lenga-lenga: Kanivo lete, mvua ikinyesha mayi yanaingia mpaka chini ya kitanda. Ila bukari yako, ugali wa jana, uliila na nini? Lenga-lenga. Ya nani?

Mwana wa Bel-Air: Mama, nimekosa.

Papa Kamalondo: Avenyi bado hajataja.