Mwanafunzi wa chuo kuwafundisha wadogo historia na tenzi: msaada au kuwapotezea likizo?

Mwenye mada (Mkomani, Lamu)
Asalaam aleikum jamani. Niko mwaka wa pili chuoni, nasomea historia. Likizo hii nakaa na watoto kumi na mmoja, gredi ya saba hadi ya tisa, kwenye daka la nyumba ya bibi. Siku tatu kwa wiki, baada ya Alasiri, dakika arobaini: historia kidogo, tenzi kidogo, kubishana sana. Silipwi. Wiki jana baba mmoja alikuja kumtoa mwanawe katikati ya somo, akaniambia mbele ya wenzake, "Ingekuwa hesabu ningemwacha." Nimekosa? Semeni, msinionee haya.

Mzazi, Langoni
Baba huyo ni mimi. Kukwambia mbele ya watoto nilikosa, niwie radhi. Lakini neno langu silirudishi. Gredi ya kumi mtoto anaingia mkondo: sayansi na hesabu, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wangu hesabu zinamkimbia. Utenzi atausikia hata arusini. Hesabu ataisikia wapi?

Mwalimu mstaafu
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya likizo, ila daka si shule na bure si tuisheni, kwa hiyo hapo sikushiki. Nakushika kwingine. Mjukuu wangu alirudi kwako akasema, "Vita vya Shela, tuliwapiga Wapate!" Tuliwapiga? Mama yake ni mtu wa Pate, kisiwa jirani! Hesabu ukikosea, jibu litakuumbua. Historia ukikosea, mtoto anaondoka na kiburi, na hakuna wa kumsahihisha. Ndiyo maana mtu husomea ualimu.

Malindi hapa
Mwalimu, na hao waliosomea? Huku kila mtoto amepigwa picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama na 1498 anaijua kwa moyo. Muulize mfalme wa Malindi alipata nini kwa kumpokea mgeni yule na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Kimya. Mwacheni binti afundishe.

Mwenye mada
Shikamoo Mwalimu. Ni kweli, nililisema mimi hilo "tuliwapiga". Nilikuwa nawasimulia kama nilivyosimuliwa na babu: Wapate na Mazrui wa Mombasa wameshuka Shela, kijiji cha hapa Lamu, wameshindwa, wanakimbilia vyombo, kumbe maji yamekupwa na vyombo viko mchangani. Watoto wakashangilia. Mjukuu wako peke yake hakushangilia. Akauliza, "Na Pate wanahadithiaje?" Sikuwa na jibu. Somo lililofuata nikachora sakafuni kwa chaki safu mbili, Lamu na Pate. Ya Lamu ilijaa hadi mlangoni. Ya Pate ilipata mstari mmoja, aliopewa mjukuu wako na mamake.

Tukaendelea: baada ya vita vile Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, akaleta liwali na askari, na ngome ya Lamu ikamalizwa chini yake. Mvulana mmoja akasema, "Yaani tumeshinda, halafu funguo tukampa mtu mwingine." Mzee wa Langoni, huyo ni mwanao. Ilikuwa siku mbili kabla hujamchukua.

Mzazi, Langoni
Hakuniambia. Nyumbani huyu hata salamu ni ya kumvuta. Bado nataka hesabu. Kama kati ya hao wenzako wa chuo yuko anayeziweza, mlete siku zile nne zilizobaki, wangu atakuja zote.

Mwalimu mstaafu
Marahaba binti. Nimemsomea mkamwana wangu haya, amecheka sana, halafu akauliza ule mstari mmoja umeandikwaje. Anasema si hivyo alivyosema. Jumatano atakuja mwenyewe kuijaza safu ya Pate. Tandika mkeka, sakafu inamuumiza magoti. Na chaki uwe nayo ya kutosha, yule ana maneno.