Naomba ushauri: madoa meusi ya vipele vya ndevu, je, leza inafaa ngozi nyeusi?

Wakuu, habari za leo. Vipele vya ndevu vilinisumbua miaka yote niliyonyoa kwa wembe. Nimehamia mashine, vimepoa, ila vimeniachia madoa shingoni na chini ya kidevu kama nimepakwa masizi. Kinyozi mpya akanifunga kitambaa, akauliza, "Kaka, hapa uliungua?"

Kliniki moja hapa Dar wamenishauri tiba ya mwanga, mara nne. Nilipouliza mashine ni ya aina gani, nikajibiwa "ya kisasa". Hapo nikaingiwa na hofu. Ninavyoelewa, ngozi yetu ina melanini nyingi, ile rangi asilia ya ngozi, inayonyonya mwanga. Joto likizidi inaungua, na doa linarudi jeusi kuliko mwanzo. Leza ya Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ndiyo yenye nafuu kwetu, kwa kuwa melanini hainyonyi sana mwanga wake. IPL, yaani mashine ya mimweko ya mwanga mkali ambayo si leza, ndiyo ninayoiogopa.

Aliyewahi kufanya, madoa yalififia au yaliongezeka? Walikujaribishia sehemu ndogo kwanza? Au nivumilie na krimu ya asidi ya azelaiki na mafuta ya kuzuia jua? Mkorogo msinitajie, tafadhali.