Maswali 60 ya simu yamesema hafai kukaa mapokezi. Nimwambie nini mwenye nyumba?

MsimamiziMkomani ameuliza:

Assalaam alaikum jamaa. Nina jambo limenikosesha usingizi wiki nzima, naomba wenye uzoefu wa kusimamia watu wanisaidie.

Nasimamia nyumba ya wageni hapa Mkomani, Lamu. Ni nyumba kongwe ya mawe, vyumba 9, ngazi nyembamba, na juu kabisa tuna kipaa cha makuti ambapo wageni hunywa chai jioni. Tuko wafanyakazi 11. Mwenye nyumba anaishi Ulaya, huja mara mbili kwa mwaka. Mambo mengine yote tunayamaliza kwa simu.

Bwana aliyekuwa mapokezi alipata kazi upande wa bandari mpya, Kililana, akaondoka. Nikampendekeza binti anayeshughulikia vyumba. Ana miaka 24, amemaliza kidato cha nne, Kiingereza chake kizuri. Mwenye nyumba akasema tusikisie, tupime haiba ya kila mtu kwanza. Akanitumia kiungo cha maswali 60. Ukishajibu, simu inakwambia wewe ni mtu wa aina gani na kazi ipi inakufaa.

Sasa sikilizeni tulivyojibu. Baadhi ya wenzetu hawasomi Kiingereza, kwa hiyo nilikusanya watu wote kipaani baada ya alasiri, nikawa nasoma swali, nalitafsiri, kila mmoja anasema jibu lake na mimi naliingiza. Tulipofika swali la "Je, unaona rahisi kuanza mazungumzo na watu usiowajua?", yule binti alikuwa ameketi karibu na mzee wetu wa mashua, mtu wa rika la babu yake. Akamtazama mzee, akashusha macho, akavuta mtandio kidogo, akasema kwa sauti ya chini: "Hapana." Swali la kupenda kuwa katikati ya watu, hapana. Swali la kutoa maoni kwenye mkutano, hapana. Nami nikaandika hapana, hapana, hapana.

Majibu yalipotoka, simu ikasema ni mtu wa kujitenga, afanye kazi za nyuma asikutane na wateja. Kijana wetu wa kupokea mizigo gatini ndiye aliyetoka mchangamfu wa kupindukia, kiongozi wa kuzaliwa. Mwenye nyumba ameamua kijana aingie mapokezi mwisho wa mwezi, binti abaki na mashuka.

Kijana ni mwema, wageni wanampenda, simnyimi haki yake. Lakini mara mbili mwaka huu wageni wameshuka uwanja wa ndege wa Manda hawakukuta mashua, kwa sababu saa aliambiwa yeye na hakuiandika popote. Mama mmoja na watoto wawili walikaa juani karibu saa nzima.

Binti naye nimemwona kwa macho yangu. Mwezi uliopita alikuja mgeni mzee, tumempangia chumba cha juu. Binti alimwona akipumzika kwenye kituo cha pili cha ngazi, mkono ukutani. Hakusema neno. Alishuka, akatandika upya chumba cha chini ambacho mgeni wake alikuwa hajafika, akahamisha mkoba, na mzee aliporudi kutoka matembezini akaoneshwa chumba kama vile kilikuwa chake tangu asubuhi. Mimi nilijua usiku, nilipoona daftarini: "Namba 8 amehamia namba 2. Magoti."

Na huyo anayeitwa mtu wa kujitenga, mimi nilikuwapo kwenye vugo, ile ngoma ya wanawake, la harusi ya binamu yake Langoni. Pembe mkononi, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo na wanawake ukumbi mzima tukiitikia.

Je, yule wa vugoni na yule wa kipaani, yupi ndiye yeye? Na nitamwelezaje mwenye nyumba bila kuonekana namtetea mtu wangu?

AfisaWafanyakazi_Malindi amejibu:

Waalaikum salaam dada. Nimefanya kazi ya kuajiri na kusimamia wafanyakazi wa hoteli hapa Malindi kwa miaka 14, na swali lako limenigusa kwa sababu nami niliwahi kuvitumia vipimo hivi vibaya. Nilimkataa mpishi kwa karatasi. Bado namfikiria.

Kwanza ujue ulichotumiwa. Maswali mengi ya namna hiyo yanafuata mfano wa Myers-Briggs, uliobuniwa Marekani na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, wakijenga juu ya nadharia ambayo mwanasaikolojia Carl Jung wa Uswisi aliichapisha mwaka 1921. Unagawa watu mafungu 16. Shida yake ni kwamba unakata katikati. Watu wengi kwa uchangamfu wako kati na kati, lakini kipimo hakina mahali pa kuwaweka hao, kinawasukuma upande huu au ule. Ndiyo maana wengi wakirudia baada ya wiki chache hutokea fungu jingine. Na hili mwambie mwenye nyumba neno kwa neno: hata kampuni inayochapisha kipimo chenyewe inasema kisitumike kuchagua nani apewe kazi.

Wataalamu wa saikolojia siku hizi wanapendelea kuangalia sifa tano, na kila mtu ana kiasi chake katika kila moja: kupokea mambo mapya, umakini na mpangilio katika kazi, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia wakazilinganisha. Sifa iliyoonekana kusaidia katika kila aina ya kazi waliyoiangalia ilikuwa umakini: mtu anayeandika, anayekumbuka, anayemaliza alichoanza. Uchangamfu ulisaidia hasa kwa wauzaji na mameneja. Na hata hapo, uzito wa haiba peke yake haukuwa mkubwa wa kumwamulia mtu maisha yake. Basi soma tena hadithi yako ya "Namba 8, magoti" na ile ya Manda, utaona umeshajibu swali lako.

Kuhusu yupi ndiye yeye: wote wawili. Mwanasaikolojia Walter Mischel aliwatikisa wenzake mwaka 1968 aliposema kwamba mwenendo wa mtu mahali pamoja haukutabirii vizuri mwenendo wake mahali pengine. Mabishano yalikuwa marefu, ila leo wengi wanakubali kwamba hulka ipo na mazingira nayo yana nguvu. Nyinyi mlimpima binti mbele ya mzee. Mlichokipima ni adabu yake.

Ushauri wangu: usibishane kwa maneno. Omba wiki mbili. Kila mmoja akae mapokezi wiki moja, kazi ileile, wewe uandike yale yale kwa wote wawili: mashua zilizokwenda kwa wakati, hesabu za jioni, malalamiko na yalivyomalizwa. Na yale majibu ya watu uliyoyaingiza kwenye simu, kumbuka ni taarifa zao binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Waulize kama walijua yanakwenda kwa nani.

MjukuuWaTabibu amejibu:

Nachangia kidogo. Babu yangu alikuwa tabibu wa miti shamba, na vitabu vyake vya Kiarabu vilikuwa na elimu ile ile iliyotoka kwa Wayunani, kwa tabibu wao Galen, ikapita kwa tabibu Ibn Sina hadi huku kwetu: mizaji minne, yaani hali za mtu kufuatana na majimaji manne ya mwili, ya damu, balghamu, safura na sauda. Tiba ya leo imeshaiacha, nami sisemi tuirudie. Ila nakumbuka jambo moja. Mtu akija, babu alimwuliza umekula nini, unalala wapi, ni kaskazi au kusi, umri wako umefika wapi. Mizaji kwake ilikuwa hali inayopanda na kushuka. Sikumsikia hata mara moja akimwambia mtu "wewe ni safura" kisha akafunga mlango. Simu ya dada imefanya hivyo kwa maswali 60.

FundiMlango amejibu:

Mwanangu, mimi ni fundi wa kuchonga, milango na viti, hapa hapa Amu. Mambo ya sifa tano siyajui, lakini nimefundisha vijana wengi na nitakwambia ninavyowajua.

Kijana akija kutaka kazi simpi patasi. Nampa msasa na ubao wa mbambakofi, namwambia asugue hadi jioni. Ubao ule mgumu, mikono inauma. Simtazami kama anaongea au kanyamaza. Namtazama anapofika pale kwenye jicho la mti, ambapo msasa unakwama. Kuna anayekandamiza kwa hasira akaukwaruza. Kuna anayeliruka jicho akijua mimi sioni. Na kuna anayegeuza ubao, akabadilisha ndia ya mkono, akaendelea. Huyo wa tatu ndiye nampa mfaa wa mlango, ule mti wa katikati, achonge maua, kwa kuwa mfaa una ua moya linajirudia toka juu hadi tini, na la mwisho lazima liwe na roho kama la kwanza.

Sasa nikuonye, maana wenzangu wamekutuliza sana. Kimya nacho kina aina zake. Nilikuwa na kijana kimya, mkono wake dhahabu, nikamweka mbele ya duka apokee wateja. Mteja akitaka kupunguziwa bei, alikuwa akipunguza hadi tukapata hasara ya mbao. Hakuwa na wizi. Alikuwa hawezi kumwambia mtu "la". Nilimlaumu, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumfundisha neno hilo nikadhani litakuja lenyewe. Mtazame huyo binti hapo: anaweza kumwambia mtu mzima "la"?

MsimamiziMkomani amejibu:

Ami, sabalkheri, na ahsante sana. Swali lako la mwisho limenichoma kwa kuwa sina jibu. Dada wa Malindi, nimemwandikia mwenye nyumba habari ya kampuni yenyewe kukataza kipimo chake kutumika hivyo, na nimeomba wiki mbili. Amekubali. Nitarudi inshallah.

MwanaAmu_Nairobi amejibu:

Dada, nimesoma nikalia. Mimi ni mwana wa Lamu, nafanya uhasibu Nairobi. Mwaka wangu wa kwanza msimamizi aliandika kwenye tathmini yangu kwamba "hana moyo na kazi", kwa kuwa mikutanoni sikuwa nazungumza hadi niulizwe, na nikizungumza na wakubwa simkazii mtu macho. Hesabu zangu hazikuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pale kunyamaza kunasomeka kama uvivu. Siku mwenzangu mmoja aliponieleza, nilianza kuandika pointi zangu usiku na kuomba nafasi ya kusema mapema kabla wakubwa hawajaingia kwenye mada. Ilinichukua miezi.

Ninachokuomba ni kwamba umwambie. Mwambie unaona nini kwake, na mwambie kazi ya mapokezi inataka nini ambacho nyumbani hatufundishwi. Asijue kwa kuadhibiwa.

MsimamiziMkomani amejibu:

Jamaa, wiki mbili zimekwisha, nimerudi kama nilivyoahidi.

Kijana alianza. Wageni walicheka kutwa, watatu waliongeza siku, na hilo ni pesa, nimeliandika. Mashua moja ilichelewa. Hesabu ya Jumatano haikulingana na tulikaa hadi saa tano usiku kuitafuta.

Wiki ya binti, mashua zote zilikwenda kwa wakati. Siku ya tatu maji yalikatika asubuhi, na mgeni mmoja akashuka na taulo begani anafoka. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikajizuia nisitoke. Alimwacha amalize. Kisha akamwambia ndoo mbili za maji moto zinapanda sasa hivi, na bomba litarudi saa sita, akamwonesha saa ukutani. Maji yalirudi saa sita na robo. Alipanda mwenyewe kuomba radhi kwa ile robo.

Lakini ami, uliona mbali. Bwana mmoja wa makamo alikuwa na deni la siku mbili. Binti alikwenda mara tatu kumdai, mara tatu akarudi na kikombe cha chai alichopewa akirudishe jikoni. Hakuweza. Nilimkalisha jioni nikamwambia wazi, kama dada wa Nairobi alivyoniusia: nikamwambia ninachokiona kizuri, na kwamba kudai haki ya nyumba si kumvunjia mtu heshima. Tulifanya mazoezi, mimi mgeni, yeye mapokezi. Mara ya kwanza alishindwa kunitazama. Mara ya nne alisema, "Baba, kabla hujatoka, naomba tumalize hesabu yako," na akabaki amesimama.

Tumepanga hivi: binti yuko mapokezi, daftari, funguo na ratiba za mashua ni zake. Kijana anawapokea wageni gatini na kuwazungusha mji, na deni likizidi siku moja anakwenda naye kudai, wakiwa wawili. Kijana hakufurahi mwanzo, alidhani ameshushwa. Nimemuongezea kidogo kwa kila matembezi anayoyauza, na mwenye nyumba ameridhia hadi Maulidi yapite, kisha tutatazama tena.

Yale majibu ya maswali 60 nimeyafuta, na nimemwambia kila mmoja peke yake kwamba nimeyafuta. Mzee wa mashua ndiye pekee aliyeuliza lake lilisema nini.